Mbegu za Danzi Kwenye Begi la Spana

Nilimwekea Baba hirizi kwenye begi lake la spana. Naanza na hilo kwa sababu nikichelewa nitaanza kuchekesha watu, na mnaonifahamu mnajua nikianza kuchekesha huwa sifiki mwisho. Nilikuwa mdogo, meno ya mbele hayapo, kaptula imefungwa kwa kamba ya kiatu, na nilimwekea baba yangu mzazi hirizi ili asitoke tena nyumbani. Halafu hirizi yenyewe haikuwa hirizi. Ilikuwa mbegu za machungwa. Hata uchawi wangu ulikuwa feki.

Kilichonikumbusha ni mkate. Siku ya wazazi iliyopita, jirani yangu wa kitanda hapa bwenini aliletewa mkate na chupa ya mamaledi, ile jemu ya machungwa yenye vipande vya maganda ndani. Akaifungua, akaipindua juu chini usawa wa kichwa changu kuonyesha kwamba haidondoki. Na kweli haikudondoka. Ilikuwa imeganda, inang'aa kama dirisha la kanisa, na harufu yake ikashuka ikaniingia puani: kwanza tamu, halafu kule nyuma kabisa, uchungu. Wenzangu wakanigeukia wakisubiri niseme kitu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu bwenini, wengine wanafagia. Nikasema nakwenda chooni. Nikakaa huko mpaka mkate ukaisha, na mtu anayekaa choo cha shule yetu kwa hiari yake lazima awe na jambo zito.

Mama alijifunza kupika mamaledi hapa hapa Tororo kabla sijazaliwa, alipokuwa mpishi kwenye nyumba moja ya wageni chini ya lile Jiwe, mwamba mkubwa uliosimama juu ya mji. Sista mzee aliyeisimamia alikuwa hawezi kunywa chai ya asubuhi bila mkate uliopakwa kitu kichungu. Mimi nilidhani ni adhabu aliyopewa na Papa. Baba alikwenda pale kutengeneza jenereta, akapewa chai na mkate wenye mamaledi, akaomba mkate mwingine, na tangu siku hiyo jenereta ile ikawa inaharibika kila wiki. Ndivyo nilivyopatikana mimi. Wengine mmetokana na barua za mapenzi au kwaya. Mimi nimetokana na jenereta.

Tulikaa Busia, upande wa Uganda, nyuma ya soko. Baba alikuwa fundi wa malori kwenye gereji moja Tororo. Alilala huko wiki nzima, akarudi Jumamosi, na Jumapili baada ya chakula akaondoka. Jumamosi nyumba yetu ilinuka sabuni na nyama. Mama alifagia uwanja mpaka kuku wakaogopa kukanyaga. Nami nilikaa kwenye jiwe la mlangoni nikisikiliza pikipiki, na nilijua kutofautisha ile inayopita na ile inayopunguza mwendo.

Halafu Jumamosi zikaanza kukosekana. Mara lori limekwama Malaba, mara bosi amekataa, mara simu yake haipatikani. Mama alipika nyama ileile, akaifunika, akaifunua, akanipa mimi. Nilinenepa kipindi hicho. Nasema kweli, kuna picha.

Jirani yetu, Mama Taaka, ndiye aliyeleta neno lenyewe. Alikuwa akija kuchambua maharage na Mama mlangoni, na mimi kwao nilikuwa kama kuku mwingine tu, wanaongea juu ya kichwa changu.

"Mama Boyi," alisema, "mwanaume hawezi kupotea hivi hivi. Kuna kitu anawekewa huko Tororo. Kwa chai, kwa supu, mimi sijui. Huyo mwanamke amemuwekea."

"Mwanamke gani?" Mama akauliza.

"Hata mimi sijui. Kwani wewe unajua?"

Mama akaendelea kuchambua. Mama Taaka akashusha sauti, jambo ambalo kwake ni sawa na sauti ya kawaida ya mtu mwingine. "Na wewe muwekee yako. Wanawake wote wanaweka, wanajifanya tu."

"Mimi namuwekea mamaledi," Mama akasema, na wakacheka wote wawili.

Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nafikiri.

Wiki chache kabla ya hapo kulikuwa na krusedi uwanjani, na Mama alinipeleka. Mhubiri kutoka mbali alisimama jukwaani na kapu la vitu vya kuchomwa. Akainua kitambaa kidogo cheupe, kimefungwa kwa uzi, kimevimba kama kina njugu ndani. Akasema kimetolewa kwenye koti la mume wa mtu. Akasema mke alikishona pale ili mume asitoke nyumbani, na yule mume kweli akawa hatoki, hana safari, hana rafiki, anashinda uwanjani kwake kama mbuzi aliyefungwa. Watu wakalia "Yesu!" Wakakimiminia mafuta ya taa, wakakichoma. Mimi nikiwa juu ya kiti cha plastiki niliona ni hasara kubwa. Kitu kinachofanya baba akae nyumbani, mnakichoma? Si mngetupa sisi?

Msimu wa machungwa ukafika, na Baba akapiga simu kwamba Jumamosi hiyo atakuja. Mama akasema safari hii atampikia mamaledi aende nayo Tororo, kila asubuhi apake kwenye mkate kabla ya kazi. Akaanza kukusanya machungwa.

Chungwa la aina moja halikumtosha. Yale ya Teso yalikuja sokoni kwa magunia juu ya malori, ngozi ya kijani hata yakiiva, na mimi niliyahurumia nikidhani ni wagonjwa. Hayo yana maji mengi na matamu, lakini ganda lao halina la kusema. Ya ng'ambo, yanayouzwa upande wa Kenya, yalikuwa na rangi ya machungwa ya kwenye vitabu, yana kibandiko na yanateleza kwa nta. Mama aliyanunua machache kwa ajili ya rangi, akayasugua kwa maji moto. "Hii imejipodoa tu," alisema. Chenza ziliingia kwa ajili ya harufu. Na mkubwa wao wote alikuwa danzi.

Danzi tulizitoa Lumino, kijijini kwa bibi yangu mzaa mama. Mti ulisimama nyuma ya choo, una miiba, na matunda yake yana mabonde na vilima kama uso wa mwalimu wetu wa nidhamu. Hakuna aliyeyala. Bibi aliyatumia kutibu kikohozi na kusugua sufuria. Niliwahi kulilamba moja kwa ubishi, na masikio yangu yalisogea yenyewe. Nilimuuliza Mama kwa nini anaharibu machungwa mazuri kwa kitu kile.

"Bila hii," akasema, "unapika sukari tu."

Jumamosi hiyo aliketi kwenye kigoda tangu baada ya chai. Aliyakata yote nusu kwa nusu, akakamua maji kwenye sufuria kubwa. Maganda akayakata vipande vyembamba kama njiti za kiberiti. Mikono yake ilinuka vizuri, ila kila tone likigusa mahali alipojikata, alivuta hewa kwa meno. Halafu akafanya lile jambo. Akachukua kitambaa cheupe. Akaweka ndani mbegu zote, hasa za danzi, maana danzi ni mbegu tupu, pamoja na ule utando mweupe wa ndani ya ganda. Akakunja, akakaza, akakifunga kwa uzi, akazungusha uzi tena na tena, akauvuta kwa meno. Kikavimba kama kina njugu.

"Hiyo ni nini?" nikauliza, ingawa nilikuwa najua kabisa.

"Usiguse." Akakitumbukiza kwenye sufuria na maji na maganda, akafunika, akaweka jiwe juu ya mfuniko. "Mpaka kesho."

Ninyi mngefikiria nini? Mbegu zile ndizo zinazotoa ute wa kugandisha mamaledi. Sasa najua. Zinalala kwenye maji, zinachemshwa, kitambaa kinakamuliwa, ute unatoka kama mlenda, na jemu inashikamana. Lakini wakati ule niliona mama yangu amefunga mume kwenye kitambaa, na nilimpenda sana kwa hilo. Shida moja tu: alikuwa amekosea mahali pa kuweka. Yule mhubiri alisema koti. Hakusema sufuria.

Baba alifika jioni. Alinibeba, akasema nimekuwa mzito, akala, akalala mapema. Mama alivaa gauni la kanisani kwa ajili ya kupakua ugali. Waliongea kidogo sana, kwa adabu, kama watu waliokutana kwenye foleni.

Jumapili asubuhi Mama akaenda kuteka maji, Baba bado amelala, na begi lake la spana liko mlangoni. Nikaondoa jiwe. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko kati ya maganda, maji baridi, mpaka nikakishika kile kitambaa. Kilikuwa kinateleza kama jicho la samaki. Nikakikamua kwa nguvu zangu zote, nikakisukuma chini kabisa ya begi, chini ya spana, mahali alipoweka msasa. Koti hakuwa nalo, kulikuwa na joto. Nikamalizia kwa kusali Baba Yetu, ili pande zote mbili ziwe zimeshughulikiwa.

Mama aliporudi akafunua sufuria na kuchovya mwiko.

"Ile kitambaa yangu nani ametoa?"

"Paka," nikasema.

"Paka gani?"

"Ya Mama Taaka."

"Paka inakula danzi?"

"Labda ina kikohozi."

Alicheka, masikini. Alicheka huku anatafuta chini ya meza, nyuma ya mtungi, hata kwenye banda la kuku. Mbegu nyingine hakuwa nazo mkononi. Danzi chache zilizobaki zilikuwa chini kabisa ya gunia, na yeye alidhani zimeisha. Saa ya Baba kuondoka ilikuwa inakuja. Akawasha moto akachemsha hivyo hivyo. Akaweka sukari. Akaongeza kuni, akaongeza sukari tena. Kila mara alidondosha tone kwenye sahani baridi na kulisukuma kwa kidole, na tone likakimbia mpaka ukingoni. Jasho lilimtoka chini ya kilemba. Mimi nilikaa pembeni nikiona anahangaika bure, maana kazi yenyewe nilikwisha kuimaliza.

Baba akasimama mlangoni na begi. "Mama Boyi, nakwenda. Nitachelewa."

"Ngoja kidogo, inakaribia."

"Nitachelewa."

Akaimimina ikiwa moto ndani ya chupa ya siagi ya njugu, akaweka nailoni chini ya kizibo, akakaza, akaifuta kwa kanga. "Itaganda ikipoa," akasema. Ilikuwa inacheza ndani ya chupa kama chai. Baba akaiingiza kwenye begi bila kuitazama, akapanda boda. Nilimpungia mkono nikiwa na raha kama mwanajeshi aliyetega bomu. Nilijua hatafika hata njia panda kabla hajageuza.

Hakugeuza Jumapili. Hakugeuza Jumatatu. Nikaanza kufikiri pengine nguvu yake inakwenda polepole, kama dawa ya minyoo.

Jumatano akaja.

Mama na Mama Taaka walikuwa mlangoni na ungo wa maharage. Niliisikia pikipiki ikipunguza mwendo nikaruka juu. Imefanya kazi! Katikati ya wiki! Baba akashuka, na dereva wa boda hakuzima pikipiki. Kwapani Baba alikuwa na begi moja kubwa la nailoni la mistari, tupu, limekunjwa. Mkononi alishika kitu kilichofungwa kwenye gazeti, amekishika kwa ncha za vidole viwili. Hakusalimia. Akakiweka juu ya ungo, katikati ya maharage, akalifungua gazeti kwa kutumia bisibisi.

"Hii kitu ni nini?"

Kitambaa kilikuwa kimekuwa cheusi kwa grisi. Mama akakitazama, hakukitambua mara moja.

"Chupa yako imemwagika kwa begi," Baba akasema. "Spana zote zinanatana. Nimemwaga begi chini, mbele ya vijana wote wa gereji, na hii ikaanguka. Wamekimbia. Watu wazima wamekimbia."

Hapo Mama akakitambua. Akacheka. Akatupa kichwa nyuma akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Jamani! Hii si ni mbegu ya danzi tu! Ndiyo maana mamaledi imekataa kushika!" Akaukata uzi kwa meno, akakifungua, mbegu zikamwagika juu ya maharage. Akachukua moja akaitafuna, akaikunjia uso, akaitema. "Ona. Nimekula. Nimekufa?"

Baba alikuwa amesimama vile vile.

"Nani alifunga?"

"Mimi nilifunga. Ni ya kupika, unajua ni ya kupika, umeniona nikifunga miaka yote."

"Na nani aliweka kwa begi yangu?"

Mama Taaka aliacha kuchambua. Akatazama vidole vyake kama ni vya mtu mwingine. Mama akageuza uso polepole akanitazama mimi, na nikaona anaelewa, kipande kwa kipande: paka, kikohozi, yote.

"Ni mimi, Baba," nikasema. "Nilitaka usiende."

Nilisubiri kiboko. Nilikuwa tayari kukipokea, nilishakaza makalio. Nilidhani nikichapwa, yataisha, tutakula. Baba akanitazama, na kwa sekunde moja uso wake ulikuwa ule wa zamani. Halafu akamgeukia Mama.

"Kumbe umefundisha mpaka mtoto."

Akaingia ndani. Tulisikia zipu. Tulisikia mlango wa kabati, ule unaolia. Hakutafuta kitu, hakuuliza shati fulani liko wapi. Alitoka na lile begi la mistari limejaa, na redio, na viatu vya kanisani vimefungwa kamba vikining'inia shingoni. Akauruka ungo wa maharage.

"Ni hiyo tu, mzee?" dereva wa boda akauliza.

"Ni hiyo tu."

Mama Taaka aliondoka bila kuaga, na kabla soko halijafungwa wote walijua. Yeye aliyesema muwekee ndiye aliyekuwa shahidi namba moja. Baadaye, kwenye sherehe ya kanisa, chapati za Mama zilirudi nyumbani kwenye bakuli lake jinsi zilivyokwenda, zimefunikwa vizuri, hakuna aliyegusa hata moja. Tulizila siku mbili, wawili tu. Shuleni waliniita Mganga. Niligundua kwamba ukiwahi kujiita Mganga mwenyewe, ukampigia mwenzako ramli ya kalamu iliyopotea, wanacheka na wanaacha. Tangu hapo nawahi.

Baba yuko Tororo hii hii. Nikipita gereji ananiita, ananinunulia soda, tunaongea mpira. Ana watoto wengine wawili, wanafanana na mimi kuliko mimi ninavyojifanana mwenyewe. Hatujawahi kutaja mbegu.

Ila hiyo yote ni baadaye. Jumatano ile ile, pikipiki ikiwa imeshapotea na jua bado lipo, Mama alibaki kwenye kigoda akiokota mbegu kati ya maharage, moja moja. Akazitupa. Akaenda kwenye gunia, akaingiza mkono mpaka chini, akakuta danzi alizodhani zimeisha. Akaketi, akazikata, akatoa mbegu mpya, akafunga kwenye kitambaa kingine. Mamaledi ya maji iliyokuwa imebaki nyumbani kwenye chupa nyingine akairudisha yote kwenye sufuria, akatumbukiza kitambaa, akawasha moto. Hakuniita na hakunifukuza. Nilisogea mwenyewe mpaka moshi ukaniingia machoni, na nikafurahi kuwa na kisingizio.

Ilipochemka vya kutosha akakitoa kitambaa kwa mwiko, akakiacha kipoe kidogo, akanipa. "Kamua." Nikakamua. Ute ukatoka katikati ya vidole vyangu, mzito, unaning'inia. Akaukoroga ndani. Harufu ilijaa uwanja mzima, na hakukuwa na mtu wa kumpelekea.

Akadondosha tone kwenye sahani. Akalisukuma kwa kidole. Safari hii halikukimbia, lilijikunja, likakaa.

"Mama," nikasema, "ni mimi nimemfukuza Baba."

Alilamba kidole. Akalisukuma tone tena, ingawa lilikuwa limeshaganda.

"Baba yako," akasema, "kama alikuwa anataka kubaki, angecheka."